Mzazi wa Nyarugusu Aliyeumia kwa Kuguswa

Marahaba, wanangu. Naitikia kabla hamjaniamkia, kwa sababu nawajua: mnatupa shikamoo mlangoni haraka haraka ili mpate kuuliza. Ninyi wakunga wa siku hizi mna daftari na saa ya mkononi, na mnataka nianze mwanzo, nilizaliwa wapi, kazi niliianza lini, wa kwanza alikuwa nani. Sitaanza huko. Mtoto wa kwanza niliyempokea alikuja mwenyewe huku mimi natafuta wembe, kwa hiyo hana la kuwafundisha. Nitaanza na mzazi niliyemharibia, maana huyo ndiye aliyenifundisha kazi wakati nilikuwa tayari naitwa fundi.

Ukunga nilifunzwa Shinyanga mjini na mama yangu mkubwa, Bi Mgeni. Watu wake walitoka pwani, wakapitia Tabora, wakaishia kwetu na biashara ya nguo. Tulikaa upande huo mnaouita Kambarage sasa, wakati jina hilo halijakuwapo na reli ya Mwanza ikiwa mpya, watu wakienda kuitazama treni kama wanaokwenda harusini. Bi Mgeni aliamini vitu viwili tu katika kumtunza mzazi, maji ya moto na mkaja. Unachemsha majani ya mkwaju, unachovya kitambaa cha kaniki, unakikamua huku vidole vinaungua, halafu unakanda: tumbo, kiuno, mapaja, mgongo, mabega. Na kukanda kwake si kupapasa. Unaegemea kwa uzito wako wote, kwa kuwa damu chafu ya uzazi, alisema, haitoki kwa kubembelezwa. Kisha unamfunga mkaja tumboni, kitambaa kirefu, mizunguko mitatu. Asubuhi na jioni, mpaka arobaini itimie. Mzazi akinyamaza, Bi Mgeni alitia kidole kwenye sufuria akanilaumu kwamba maji yamepoa.

Msicheke. Wanawake wengi iliwafaa, wakatoka arobaini wanang'aa. Makosa yangu ya wakati ule yalikuwa madogo. Nilimfunga mke wa muuza chumvi mkaja mpaka akashindwa kumeza uji, na mumewe akaja kuniuliza kama nilikuwa namfunga mke au mzigo. Nikalegeza kidogo, tukaendelea.

Mume wangu alikuwa na duka dogo la nguo. Habari za dhahabu ya Geita zilipovuma, alisema wachimbaji nao hawatembei uchi, akafunga mizigo tukahamia Nyarugusu. Huko hapakuwa na mkunga isipokuwa vikongwe wawili waliokuwa wamechoka. Wake wa wachimbaji waliposikia amekuja mkunga wa mjini, aliyefunzwa na mtu wa pwani, sikupata nafasi ya kukaa. Niliitwa huku na huku. Kiburi kilinipanda, nakiri, nikaanza hata kutembea polepole ili watu wanione napita.

Katika siku hizo niliitwa kwa Mama Petro. Alikuwa mjane wa Kisukuma, mwanamke wa kazi, mwenye sauti ya kusikika mashamba mawili. Mwanawe Petro alikuwa seremala, akipasua mbao za kuzuia mashimo ya wachimbaji yasiporomoke. Petro alikuwa ameoa msichana Mkatoliki kutoka Ushirombo, jina lake Veronika, na huyo Veronika alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilipofika uani, wanawake wanne wa jirani walikuwa wanatwanga mtama, na Veronika amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe, miguu ameinyoosha.

"Mwangaluka, mkunga," Mama Petro alinisalimu. "Mkamwana huyu amenishinda. Jana katwanga mtama wa nyumba nzima, tena anaimba. Leo hata chungu hawezi kuinua. Mtazame, uniambie."

Nikamuuliza Veronika anaumwa wapi.

"Mwili wote, mayu," alisema, akiniita mama kwa lugha ya kwao. "Si mahali pamoja. Leo bega, kesho nyonga, kesho kutwa hata nguo ikinigusa naumia. Nikilala, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kukiwa na baridi ndiyo basi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipovunja ungo, baada ya homa kubwa. Kwetu nilipewa kwinini, nikachanjwa chale, haikuondoka. Sasa mimba imeizidisha."

Nilimpapasa viungo, hakuna uvimbe. Macho meupe, ulimi safi, joto hana, mtoto anacheza tumboni vizuri kabisa. Hapo mkunga mwenye akili angesema, sijui. Mimi nilijua wale wanawake wanne wamesimamisha michi yao wanasubiri neno la mkunga wa mjini, nikalitoa kwa sauti.

"Huyu hana ugonjwa. Ni mimba ya kwanza, inamdekeza. Apewe kazi."

Wanawake walicheka, michi ikaendelea. Veronika aliitazama mikono yake, kisha akainuka, akaenda kuchukua chungu.

Nataka mlielewe kosa langu, maana lina sehemu mbili na hii ni ya kwanza. Sikujiuliza mtu mvivu anatwangaje mtama wa nyumba nzima huku anaimba. Veronika alikuwa na siku njema chache, na siku njema ikimjia aliikamata kwa mikono miwili, akafanya kazi zote alizoshindwa, ili watu waone kwamba si mvivu. Siku tatu zinazofuata alikuwa hoi. Na kazi yake ya siku ile moja ndiyo iliyokuwa ushahidi dhidi yake: jana uliweza, leo umepatwa na nini? Naye alizoea kujibu, "Kesho nitafanya." Haikupita mwezi wanawake wa kisimani wakampa jina, Bibi Kesho. Walipokuwa wakilisema waliongeza kwamba hata mkunga amethibitisha.

Alijifungua wakati wa mvua, uchungu ukianza alfajiri na mtoto akija baada ya adhuhuri. Nilijiandaa kwa makelele, maana nilijiambia, mtu anayelia akiguswa bega, uzazi utamfanya nini? Hakupiga kelele. Aliuma kanga yake, akapumua, akafuata kila nilichomwambia. Nikamuuliza, mbona hulii?

"Huu najua utaisha," alinijibu.

Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu haya, nikalipita. Nilikuwa na haraka ya kukata kitovu. Mtoto alikuwa wa kike, wakamwita Agata.

Kesho yake nikaanza kumkanda. Nilipoegemea mgongo wake alipiga yowe ambalo katika uzazi wote hakulitoa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani damu chafu inatoka. Siku ya nne mikono yake ilitetemeka akimshika mtoto. Nikaona kazi haijaingia vizuri, nikaongeza nguvu na moto. Siku ya saba Mama Petro ndiye aliyemwinua Agata kila aliponyonya. Siku ya tisa Veronika alinisikia tu nikibisha hodi akaanza kulia kabla sijaingia. Mama Petro alikuwa akisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiniuliza mzazi gani huyu. Nikamwambia tusimwonee huruma.

Siku ya kumi niliamka na kidole gumba cha mkono wa kulia kimevimba. Nilikuwa nimechomwa na mwiba wa sato nikitengeneza mboga, na sasa kulikuwa na usaha. Sikuweza kukamua kitambaa vizuri, sikuweza kukandamiza. Nilichovya kwa mkono wa kushoto, maji yakiwa ya vuguvugu, nikamtandikia Veronika kitambaa mgongoni, nikakiacha hapo huku napuliza kidole changu na kulalamika. Nikahamisha mabegani, nikakiacha tena. Alisinzia. Siku tatu ilikuwa hivyo. Siku ya pili yake alimwinua mtoto mwenyewe. Siku ya tatu nilimkuta amekaa, anamwimbia.

Mnafikiri niligundua? Majani yangu ya karibu yalikuwa yamekwisha, nilikuwa nimechuma kwenye mkwaju mwingine ng'ambo ya kijito. Nikamwambia mume wangu kwamba ng'ambo kuna mkwaju wenye dawa kali ya ajabu, na nikamkataza asimwambie mtu. Nilipanga kabisa kuwa na siri yangu kama Bi Mgeni alivyokuwa na zake. Kidole kikatumbuliwa, kikapona, nikarudi kwa Veronika na majani yale yale na nguvu zangu zote, nikifidia siku tatu nilizozembea.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa naingia uani na sufuria yangu niliposikia Mama Petro akipiga ukelele. Mikono ya Veronika ilikuwa imemlegea, mtoto akateleza kutoka kitandani hadi kwenye ngozi iliyokuwa chini. Kitanda kilikuwa kifupi. Agata alilia kidogo, nikamkagua kichwa na viungo, hakuwa na kitu. Lakini Mama Petro alikuwa amekwisha amua.

"Basi," alisema. "Lori la kesho linakwenda Kahama. Mtoto nampeleka Kagongwa kwa Skolastika. Ana maziwa, ana mikono. Na wewe, binti, utarudi Ushirombo kwa mama yako, ukapumzike unavyotaka."

Skolastika alikuwa dada wa Petro, naye ananyonyesha. Petro mwenyewe alikuwa mlangoni na msumeno mkononi. Alisema tu, "Mama." Mama Petro akatoka kwenda kupepeta mtama, Petro akamfuata, nikabaki na mzazi na mtoto.

Nikaanza kufungua mkaja kwa mazoea ya kazi. Veronika aliongea taratibu, uso ameuelekeza kwa mwanawe.

"Mayu, siku tatu ulizokuwa na kidole, Agata nilimbeba mwenyewe."

"Ni dawa ya mkwaju wa ng'ambo," nikamwambia.

"Na majani ya jana yametoka wapi?"

Niliangalia sufuria. Yalikuwa ya mkwaju ule ule.

Wanangu, nilikaa chini kwenye ile ngozi. Sitawadanganya kwamba niliinuka mara moja nikaenda kusema kweli. Nilifikiria jina langu, nikafikiria wanawake wa kisimani, nikafikiria jinsi vikongwe wale wawili watakavyocheka. Nikajiambia labda ni bahati tu, labda ni hali ya hewa. Nilikaa mpaka maji yakapoa kabisa. Kisha Agata akalia kutaka kunyonya, na mama yake akajaribu kuinua mkono, ukaishia njiani, akautazama kama alivyoitazama mikono yake siku ile ya kwanza. Nikatoka nje.

"Shikamoo, Mama Petro."

"Ulishaniamkia asubuhi."

"Naamkia tena, nina neno zito. Mtoto hakuangushwa na Veronika. Nimemwangusha mimi, kwa kumkanda."

Hakuacha kupepeta. "Ulisema hana ugonjwa. Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema. Nilikosea."

"Sasa unaitwaje huo ugonjwa?"

"Sijui jina lake. Najua akikandamizwa unazidi, akitandikiwa joto akaachwa unatulia. Na akifanya kazi ya siku tatu kwa siku moja, siku tatu anaugua."

"Mkunga wa mjini hajui jina la ugonjwa."

"Ndiyo, hajui."

"Siku ile nilikuamini," Mama Petro alisema. "Leo nikuamini kwa nini?"

"Siku ile nilikuwa najisifu. Leo najiharibia."

Alipepeta mpaka ungo ukabaki na mtama mtupu. Petro alikuwa ameacha kusukuma msumeno wake, anasikiliza.

"Lori hupita kila wiki," Mama Petro alisema mwishoni. "Nakupa mpaka lile lingine."

Wiki hiyo nilifanya kazi kuliko miaka yote niliyokuwa nimefanya, na nyingi ilikuwa kazi ya kujizuia. Mikono iliyozoea kuegemea, kuifundisha kutua tu ni adhabu. Nilimwomba Veronika anionyeshe mahali pasipouma sana, nikaanzia hapo. Kitambaa cha joto kilikaa, hakikukandamiza. Mkaja niliuacha kabisa. Petro alikata miguu ya kitanda kikawa chini, akapigilia ubao pembeni, ili mtoto alale ubavuni mwa mama bila kuanguka na bila kuinuliwa. Veronika akanyonyesha amelala, ameegemea mto wa sufi, upande mmoja kisha mwingine. Kila siku nilimtembeza mpaka kwenye kibanda cha kuku na kurudi, hata akiwa na maumivu, ila hatua chache, na siku aliyojisikia mzima nilimzuia asizidishe. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Alikuwa na kiu ya kuonekana anafaa.

Siku ya pili ilikuwa nzuri. Siku ya tatu mvua ilinyesha kutwa nzima, akawa hoi hata ulimi mzito, na nilimwona Mama Petro akikunja nguo za mtoto, moja moja, akiziweka kwenye kikapu. Siku ya tano ikawa nafuu. Siku ya sita mbaya tena. Niliona wazi kwamba siku ya lori ikifika sitakuwa na mtu aliyepona wa kumwonyesha, kwa sababu ugonjwa huu haukuwa wa kupona kwa wiki, na sikuwa na dawa yake, wala sasa sinayo.

Siku ya lori nilikuta kikapu kipo mlangoni. Veronika alikuwa amelala, jua liko juu, na usiku hakuwa amepata usingizi. Mama Petro aliketi kwenye kigoda karibu na kitanda. Aliniita kwa mkono nisogee, akanyoosha kidole kimoja, akaugusa mkono wa Veronika juu kidogo ya kiwiko, polepole, kama mtu anayejaribu kama rangi imekauka. Veronika alishtuka, uso ukakunjamana, akaondoa mkono, na hakuamka.

"Nimefanya hivi mara tatu tangu alale," Mama Petro aliniambia kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Mtu hadanganyi usingizini."

Lori lilipiga honi barabarani. Agata akaamka. Mama Petro alimwinua, akamlaza ubavuni mwa mama yake, akamshika mgongo mpaka akapata ziwa. Honi ikalia mara ya pili.

"Petro," alisema, "kamwambie dereva aende zake."

Basi ndivyo mtoto alivyobaki. Veronika hakupona. Aliishi na ugonjwa wake, siku ana nafuu, siku hana, akijifunza kugawa nguvu zake kidogo kidogo badala ya kuzimaliza asubuhi moja. Mama Petro hakugeuka malaika, alibaki na sauti yake, lakini siku mbaya za Veronika alitwanga yeye bila kulalamika. Nami nikaacha kumkanda mzazi yeyote kabla sijamuuliza anaumia wapi na anaumiaje, nikaanza kwa kitambaa cha kutandika, nikangoja siku ya pili inijibu. Bi Mgeni alipopata habari alisema nimeharibu uzazi wa watu kwa maji yaliyopoa kama ya kunywa. Alikuwa mwalimu wangu na nilimpenda, lakini katika hilo sikumsikiliza. Ninyi mna vipimo, na vipimo vyenu vikisema hakuna kitu, mtakuwa mmesimama pale pale niliposimama mimi. Semeni sijui. Ni neno fupi na halijamuua mkunga.

Sehemu ya kwanza ya kosa langu, lile neno la uani, ilibaki. Nilizunguka visimani Nyarugusu nikisema kwamba nilikosea, Veronika anaumwa kweli. Wanawake walinisikiliza kwa adabu, na nilipogeuka nikasikia mmoja akisema mkunga amehongwa kuku. Neno la kwanza lilikuwa limechekesha, na la pili halikuchekesha mtu, kwa hiyo walilishika la kwanza.

Miaka minane baadaye Veronika alikuja kwangu na mimba nyingine. Nilikuwa nimeshika kitambaa, nikapata ujasiri wa kumuuliza kama aliwahi kunisamehe.

"Ya mikono nilikusamehe siku ile ile," alisema. "Ulinikanda, ikaisha. Ya mdomo ndiyo ninayoishi nayo, mayu. Juzi Agata ameniuliza kwa nini watoto wenzake wanamwita mtoto wa Bibi Kesho."

Agata alikuwa nje, amekuja na mama yake. Nilikiweka kitambaa chini, nikatoka, nikachuchumaa mbele yake ili tuonane macho, nikamwambia kwamba jina lile lilianza na neno langu, na neno lenyewe halikuwa kweli.